Chum wa Maude

Kila Jumamosi asubuhi Maude Gaudreau hupitia kibanda kilekile cha jibini katika soko la Jean-Talon, huonja vipande viwili, kisha hununua cha tatu. Leo kipande cha kwanza kilikuwa bado ulimini pale mkono wa mtu ulipopita mbele ya pua yake ukachukua cha pili.

"Naona bibie bado anaishi kwa kuonja," alisema Callum.

"Na bwana bado anaruka foleni za watu."

Alikuwa amevaa lile koti la mvua la manjano la wavuvi wa kwao, nywele hazijaona kitana. Maude akajilaani kwa kutoka bila hata wanja. Wiki tatu alikuwa akikata simu za mwanamume huyu, na sasa moyo ulikuwa unamsaliti hadharani.

Ugomvi ulizuka nyumbani kwa bibi yake. Mbele ya wajomba wote, Maude, mwenye haya tangu utotoni, alimshika Callum mkono akasema kwa Kifaransa kwamba huyu ni chum wake. Bibi akapiga makofi. Callum akanuna mpaka pai ya nyama ikapoa. Njiani akamuuliza kama kweli ndivyo anavyomwona. Maude akajibu kwamba amemtambulisha kama alivyo, na asiyeridhika ashuke kwenye gari. Callum akashuka.

Sasa, hapo kibandani, Callum alimwambia kwa ubaridi kwamba Jumatatu anarudi kwao Lunenburg, kwenye mashua ya binamu yake.

"Nenda. Uliona aibu hata kuitwa wangu."

"Wako? Uliniita chum, Maude. Kwa Kiingereza chetu chum ni mshikaji tu, mtu wa kunywa naye bia. Na kwa baba yangu ni matumbo ya samaki, tunayamwaga baharini papa waje. Haya, mimi ni kipi hapo?"

Muuza jibini, mama mnene mwenye aproni ya buluu, akaweka kisu chini. "Wewe kijana, kwa Kifaransa chetu mimi nina chum wangu, mwaka wa thelathini huu nalala naye kitanda kimoja. Baharini sijamtupa, ingawa siku nyingine anastahili."

Masikio ya Callum yakaiva. Miezi mitano katika mji huu wa Kifaransa, na Kifaransa chake kilikuwa bado cha kuagizia kahawa.

"Ungenieleza," alinung'unika.

"Ungeuliza. Mdomo wa kununa ulikuwa nao."

Nyuma yao foleni ikaanza kuguna. Maude akageuka aondoke, akapiga hatua mbili, akasimama. Alijua ukweli uliokuwa ukimuuma: alikuwa amechagua neno dogo, tena la lugha yake, kwa sababu lile kubwa lilimtia hofu. Akarudi. Akasema kwa Kiingereza, watu wote wakisikia:

"Nilikuwa namwambia bibi kwamba nakupenda. Nakupenda, Callum. Usiende."