Utaua Betri

Maiti ililala chali chini ya ngazi ya gari, kisogo juu ya ukingo wa zege, bisibisi mkononi.

Inspekta aliitazama kama mtu anayetazama sahani ya mwenzake. Tangu amzike mkewe, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mkono uliolaliwa. Akachuchumaa, akaandika: mwanaume, mzee, jeraha moja la kichwa.

"Ameteleza usiku, Afande," Koplo alisema. "Twende tukanywe chai."

"Chai haitoroki. Tochi yake iko wapi?"

"Tochi?"

"Mtu anatengeneza nini gizani bila tochi?"

Koplo akatazama juu, labda tochi ilikuwa imepaa pamoja na marehemu.

Marehemu alikuwa dereva wa basi mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Kapteni, ingawa maji pekee aliyowahi kuvuka ni ya madimbwi. Alinunua basi dogo kuukuu, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko na taa za dari. Likawa nyumba yenye magurudumu, limeegeshwa uani kwa bintiye. Kila siku alikuwa anaondoka kesho.

Binti, muuguzi, walimkuta jikoni akiosha kikombe ambacho kilikuwa kimetakata zamani.

"Kwa nini alikuwa haondoki?"

"Taa, Afande. Zinawaka, zinafifia, zinazima. Baba hasafiri na gari lenye ugonjwa asioujua jina."

"Hakuita fundi?"

"Fundi aguse gari la baba? Hata mimi nikisahau taa moja, anafoka: 'Zima wewe, utaua betri!'"

Aliigiza sauti hiyo vizuri sana. Hakuna aliyecheka.

Inspekta aliingia garini na kuanza na betri. Nzima. Fyuzi, nzima. Balbu, nzima. Akabonyeza swichi, mwanga hafifu ukatoka. Koplo akafunga mlango kwa kishindo, taa zikapepesa, zikazima.

"Jini," Koplo alitangaza kwa heshima zote.

"Waya uliolegea. Jini hana spana."

Kapteni alikuwa na mtindo wake. Kila nati aliyokaza aliipaka tone la rangi ya kucha, nyekundu iliyokolea. Kichupa chenyewe, urithi kutoka kwa marehemu mkewe, kilikuwa mfukoni mwake. Nati yenye tone ilikuwa imekwisha kukazwa, haikaguliwi tena.

Nyuma ya kabati, pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi ya gari, palikuwa na nati yenye tone. Inspekta akaigusa kwa kidole tu. Ikazunguka.

Tone lake halikuwa jekundu. Lilikuwa la rangi ya waridi.

"Mwite binti."

Alikuja na kikombe chake.

"Nionyeshe mikono, mwanangu."

Kucha zilikuwa za waridi, rangi imebanduka nchani.

"Ulilegeza wewe?"

"Mimi. Nikapaka juu ili asiishuku. Macho yake yalikuwa hayatofautishi rangi tena."

"Ulitaka afe?"

"Nilitaka aniite." Sauti yake ilikuwa bapa, kama ya mtu anayesoma joto la mgonjwa. "Taa zikizima ananiita nimshikie tochi. 'Mulika hapa, mama. Sogeza mkono.' Halafu ananisimulia barabara zote alizokuwa akizipita mimi nikiwa shule ya bweni. Taa zikipona, anaondoka tena."

"Na jana?"

"Aliniita. Nilimsikia. Nilikuwa nimetoka zamu, nimechoka, nikajifunika shuka. Nikasema, ataita tena."

"Tochi?"

"Iko chini ya mto wangu. Bila hiyo, ilibidi aniite."

Koplo akaanza kuchunguza viatu vyake.

Inspekta akachukua spana, akaikaza nati mpaka ikagoma. Taa zote zikawaka, nyeupe, kali, mchana kweupe. Kifuani mwa Inspekta kitu kikaanza kuchomachoma, kama ganzi inapoachia.

Binti aliweka kikombe chini, akanyoosha mikono ifungwe pingu.

"Zima, Afande," alisema. "Utaua betri."