Muhuri wa Morven

Jumapili ile soko la Barras, mjini Glasgow, lilifurika watu mpaka mvua yenyewe ilikosa pa kudondokea. Morven Tulloch, koti la mvua la kiume limemfika vifundoni na viatu vyekundu vya mtumba miguuni, alikuwa ameng'ang'ania upande mmoja wa boksi la makorokoro. Upande wa pili ulishikwa na kijana mwenye shati la drafti, nywele zimemfunika macho kama pazia la chumba cha mgonjwa.

"Achia, kaka."

"Achia wewe, bibie. Nataka hiyo maikrofoni iliyo chini."

"Na mimi nataka mihuri."

Ilikuwa seti ya kuchezea watoto: herufi za mpira na kidau cha wino. Mwenye meza, mama mwenye sauti ya kusimamisha meli, akawakatiza. Boksi halivunjwi. Na kama wanataka kuoana wakaoane mbele huko, wanamzibia wateja!

Wakachanga nusu kwa nusu. Kijana akajitambulisha: Lorne Petrie, mwoka mikate alfajiri, mpiga gitaa saa zote zilizobaki.

"Mihuri ya nini?" akauliza, mdomo umejaa mkate na soseji.

"Ya lebo yangu ya santuri."

"Kumbe una lebo!"

"Nina mihuri. Lebo inaanza leo."

Glasgow ya mwaka ule wa 1981 ndivyo ilivyokuwa. Vijana walikuwa wamechoka kungoja makampuni makubwa ya London yawaone. Mwenye gitaa na rafiki asiye na aibu alijirekodi mwenyewe, kanda ikaenda kwa fundi wa kuchonga santuri, na jiko la shangazi likageuka kiwanda. Hawakuomba ruhusa ya mtu. Walipiga magitaa yao kwa vidole visivyofunzwa na roho zisizotetemeka, na dunia ikageuza shingo kusikiliza.

Morven alipomsikia Lorne na bendi yake kwenye ukumbi wa kanisa, gitaa lilimetameta, kila uzi unasema lake. Alisahau kufunga mdomo. Wapo wanaoapa kwamba nzi watatu waliingia humo, wakakaa, na hawakutoka mpaka wimbo ulipoisha.

"Nikurekodi?" akamwuliza.

"Mkataba uko wapi?"

"Sina mkataba. Nusu kwa nusu, tupeane mkono."

Lorne akampa mkono, akasahau kuuchukua.

Miezi mitatu mapenzi yao yalinuka wino na mikate ya moto. Kanda ya wimbo ilipokamilika, Lorne alisema ataituma kwa fundi wa London kwa posta. Kisha akaaga kwamba anakwenda Paisley kumwangalia mjomba mgonjwa. Morven na shangazi yake, Effie, wakabaki jikoni kukunja na kubandika kwa gundi majalada elfu moja ya karatasi, kwa mkono, moja moja.

Alhamisi simu ikalia.

"Kipenzi," alisema Lorne.

"Mjomba anaendeleaje?"

"Ee... anakohoa. Huku Paisley baridi."

Nyuma yake kipaza sauti kikanguruma: abiria wa treni ya kutoka London kwenda Glasgow wapande sasa.

Morven akakaa kwenye kiti taratibu. Juma lililopita bwana mmoja wa kampuni kubwa, koti linang'aa kama samaki, alikuwa amempa Lorne kadi na kumwambia aje London atie saini. Lorne alicheka, lakini kadi aliitia mfukoni.

"Umekwenda kutia saini, Lorne?"

"Aa! Morven, siwezi kukwambia sasa hivi. Subiri mzigo ufike."

"Mzigo! Mimi ndiye mzigo!"

"Nisikilize, mpenzi wangu..."

Sarafu zikaisha, simu ikakata. Baadaye Lorne alipiga mara kumi na nne. Shangazi Effie alimjibu mara kumi na tatu, na mara ya mwisho paka.

Mtu mwingine angelia tu. Morven alilia huku anafanya kazi. Santuri zilikwisha lipiwa, lazima zitoke. Basi zitoke na ukweli wake. Akapanga herufi za mpira, akalowesha wino, na juu ya kila jalada, kando ya jina la bendi, akapiga muhuri: MAREHEMU.

"Nani amekufa, mwanangu?" Shangazi Effie akauliza.

"Lorne Petrie."

"Jana nimemwona kwa mwuza samaki."

"Hajapata habari bado."

Alipofika jalada la mia sita, wiki ya tatu, wino ukamkauka mkononi: mlango ulikuwa unagongwa. Dereva aliacha maboksi mlangoni akaondoka. Morven akatoa santuri ya kwanza, akaiinamisha dirishani kuangalia kama ina mikwaruzo, kama desturi yake. Pale katikati, kwenye ule mduara mtupu baada ya wimbo kuisha, ambapo mafundi wa kuchonga huandika namba zao, palikuwa na mwandiko mwingine. Ulipinda kama wa mtoto, lakini anaujua.

*Morven, nusu kwa nusu, maisha yote? L.*

Akatoa ya pili. Maneno yale yale. Ya kumi. Ya hamsini.

"Shangazi, ameandika kwenye zote!"

"Kwa hiyo alikwenda London kushika sindano ya fundi, akachora santuri mama inayozaa zote," alisema Effie. "Na wewe umeshamzika."

Morven akafungua mlango kwa kishindo. Lorne alikuwa amekaa kwenye ngazi, unga wa mikate umemganda nyweleni, kadi ya kampuni imechanwa vipande magotini.

"Nimefuata gari tangu stesheni," akasema. "Nikaogopa kugonga."

"Kwa nini hukuituma kwa posta kama ulivyosema?"

"Posta haijui kuposa."

Akaingia, akaona majalada. Akasoma moja, akasoma la pili.

"Nani amekufa?"

"Wewe."

"Lini?"

"Alhamisi, saa tisa."

"Nilijihisi vibaya kweli saa hizo." Akarudisha jalada mezani. "Na jibu langu, bibie? Au maiti hajibiwi?"

Morven akavuta muhuri. Akang'oa herufi za zamani kwenye kibao, akapanga mpya, akafungua kidau kingine cha wino. Majalada mia nne yalikuwa bado hayana muhuri. Akapiga la kwanza, akampa bado limelowa wino: NDIYO.

Yaliyobaki walipiga pamoja, mkono wake juu ya mkono wa Lorne, herufi zikawa zinakwenda upande, na Shangazi Effie akajifanya anatafuta kitu sandukuni.

Hawakuwa na majalada mengine, kwa hiyo santuri zote zilikwenda madukani hivyo hivyo. Zilikwisha kwa siku tisa. Wateja wakaanza kuagiza kwa majina, huyu anataka Marehemu, yule anataka Ndiyo. Halafu ikaja barua kutoka Aberdeen, karatasi yenye ukingo mweusi: poleni sana kwa msiba, lakini naomba kujua, ile bendi bado itapiga mwezi huu?

Morven aliijibu siku ile ile, kwa muhuri, herufi moja moja, hata vidole vikawa vyeusi:

MAREHEMU ANAOA JUMAMOSI. JUMAPILI ATAPIGA.