Mlinzi wa Kitabu cha Mbwarahaji

Harufu ya udongo mbichi ilianza asubuhi, katika chumba cha juu, siku ambazo mtaa mzima wa Kibokoni hata mfereji hautoi tone. Nabiha alipiga deki, akafukiza udi, akamsingizia paka. Harufu haikutoka.

Jana yake mumewe, Khubaib, alikuwa amemaliza kunakili kwa mkono kitabu cha Mbwarahaji bin Shee, mwanahistoria wa kale ambaye mji haumjui ila kwa kitabu hicho kimoja. Kaburi lake halijulikani, wala hakuna anayejiita mjukuu wake. Khubaib, mtu wa kushika ya wazee hadi akakera, alinakili kama walivyonakili wao: neno halipunguzwi, na mwishoni mnakili hutia jina lake. Hata ukurasa wa kwanza, ambao mwenye akili zake angeuruka, aliunakili: "Ewe mlinzi usiyeonekana, kilinde kitabu hiki na mchwa. Changu kingine chochote ni chakula chako."

Wakaanza kusikia kutafuna ukutani. Vyeti vya Khubaib vikakutwa vumbi ndani ya kasha lililofungwa. Kisha picha ya harusi: Nabiha yupo, na kando yake tundu lenye umbo la mtu.

Mganga Mung'aro, waliyemwita, alipanda ngazi, akanusa, hakuketi.

"Jini aliyeingia mwenyewe namtoa," alimnong'oneza Khubaib. "Huyu umempa kazi, na jina lako umetia. Akimaliza karatasi, atakula kujulikana kwako."

Waliichoma nakala uani. Kuni ziliisha, nakala ikabaki nzima.

Hapo Khubaib aliogopa kikweli, maana alasiri ile alipopita Ndia Kuu muuza kahawa aliyemjua tangu utotoni alimuuliza ni mgeni wa wapi, na msikitini jirani yake wa safu moja akamtolea salamu ya mtu asiyemjua, naye akatoka mbio kurudi kwa mke na mtoto, wale wawili tu aliobakiwa nao, huku akiyasikia meno yale yakitafuna, si ukutani tena, bali nyuma ya sikio lake mwenyewe.

Alibisha. Nabiha alifungua, mtoto wao begani. Alipomwona aliuvuta mtandio upesi, akafunika nywele zote.

"Nabiha, ni mimi."

Mtoto alianza kulia. Nabiha akarudi nyuma, akauegemeza mlango.

"Niwie radhi, kaka," alisema kwa adabu. "Nyumba hini haina mwanamume. Siwezi kukukaribisha ndani."