Jiwe Lisilokaliwa

Asubuhi hiyo chai ya fundi mwashi ilipoa kikombeni.

"Baba Mapacha, kweli utajenga?" mkewe aliuliza.

"Kamati imeshaamua. Nikikataa, wataniita msaliti."

"Na mama yangu atateka maji wapi?"

Fundi alichukua sururu yake. Mkewe alizaliwa ng'ambo ya mpaka, na chemchemi ilikuwa upande huu. Wiki iliyopita vijana wa pande zote mbili walirushiana mawe hapo, mmoja akavunjika mkono. Sasa kamati ilitaka ukuta, uanzie kwenye jiwe la mababu, kando ya chemchemi. Mababu ndio waliolisimika kuwatenga watu wa ng'ambo. Kila mtu alijua hivyo, na jambo linalojulikana na kila mtu, nani hujisumbua kuliuliza? Tangu utotoni fundi alikatazwa hata kulikalia.

Alianza kuchimba msingi huku roho ikimuuma. Sururu ikagonga jiwe, kipande kikabanduka. Akakiokota, akakikwaruza. Mchanga. Kokoto. Kitu hicho alikuwa akikikoroga kwa koleo miaka ishirini!

Jirani yake, mpima ardhi, alikuwa akiteka maji.

"Dada, hii si saruji?"

"Ni saruji. Hiyo ni alama ya wapimaji wa kikoloni. Ramani yake iko ofisini kwetu."

"Sasa mababu je?"

"Mababu waliteka pamoja, wakaoana. Mkoloni ndiye aliyepiga mstari, apate kutawala kwa urahisi. Akawakabidhi watu wa huku viboko, wakawatoze kodi watu wa ng'ambo. Chuki ikaota. Uhuru ulipokuja, tukairithi ramani, na chuki pia."

"Kwa hiyo waliorusha mawe hawana kosa?"

"Wanalo, wa kwao na wa kwetu. Mkoloni hakuwashika mikono. Lakini utatibuje ugonjwa usiojua ulikoanzia?"

Fundi alikipeleka kipande kwenye kamati. Mwenyekiti alikinusa, akaking'ata.

"Miaka sitini ninalipita jiwe hili kwa heshima!" alisema, karibu kulia.

Walibishana siku tatu. Mwishowe waliwaita wa ng'ambo, wakapanga zamu za kuteka. Kwa matofali ya ukuta, fundi alijenga birika lenye mabomba mawili.

Siku ya kwanza mama mkwe alifika na ndoo. Alikuwa amechoka, akakaa juu ya jiwe. Fundi alifungua mdomo amkataze, kisha akaufunga. Aliichukua ndoo, akaenda kumkingia maji.