Jino Kwenye Kitambaa Cheusi

Soko la samaki la Mwaloni asubuhi huwa halina pa kuweka mguu. Hapo ndipo Akeyo, amevaa gauni la njano na mabuti ya mvua, alipokuwa akiwaomba wauza sangara taya zenye meno.

"Dada, wenzako wananunua minofu, wewe unanunua meno?" akacheka Nestory, fundi wa majokofu.

"Nayalinganisha na ya papa wa kale, kaka. Jino lake moja linajaza kiganja chako."

"Basi nipe namba, siku moja nilione."

Akampa. Zikaanza simu za kila jioni, umekula mpenzi, umelala mpenzi, mpaka siku Nestory aliposema, "Twende kisiwani, Nansio, umsalimie mama."

Akeyo alimbebea Nestory zawadi: jino lenyewe, alilopewa na mwalimu wake. Alilifunga kwenye kitambaa cheusi lisikwaruzwe, akalificha chini ya mto wa Nestory ili amshtukize. Miaka sita ya kusoma visukuku, mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, na hakufikiria jambo kama hilo litaonekanaje kwenye nyumba ya watu!

Bi Wilhelmina, mama yake Nestory, alilikuta akitandika kitanda. Alilitoa uani, akaliweka kwenye ungo, na punde majirani wakajaa. Mumewe alikuwa amekufa ghafla mwaka uliopita, na tangu hapo alikuwa akimtafuta mtu wa kumlaumu.

"Binti, hili ni jino la nani?"

"La papa, mama, samaki wa baharini. Mifupa yake ilikuwa laini kama ya sikioni, ikaoza, yakabaki meno. Mababu zake walikuwa na vijino viwili pembeni ya kila jino. Vikapungua kizazi kwa kizazi mpaka jino likawa pana hivi, lenye makali ya msumeno. Walishakwisha, mamilioni ya miaka sasa."

"Anatuona watoto," akasema jirani yao Pius.

Akeyo akamtazama Nestory. Nestory akarudi nyuma hatua moja. Moja tu, lakini Akeyo aliiona. Na kivuko cha mwisho kilikuwa kimeshaondoka.

Bi Wilhelmina akalitumbukiza jino kwenye kopo la maji. "Kama ni samaki, kunywa."

Akeyo hakuyaogopa maji. Porini alizoea kulamba mawe ili atambue mfupa. Aliogopa kwamba hata akinywa hawatamwamini. Akanywa nusu, akaliweka kopo chini.

"Tusubiri mpaka kesho. Kama ni uchawi, utamrudia," akasema Pius, na mlango wa uani ukafungwa.

Nestory akalichukua kopo.

"Weka chini, mwanangu! Nimeshamzika baba yako!"

"Hata mimi naogopa, mama." Akayanywa yote, hadi lile jino likagonga meno yake. "Kama kuna kusubiri, tusubiri wawili. Huyu ndiye mke wangu."

Akamgeukia Akeyo. "Nisamehe ile hatua."

"Utarudi nyuma tena?"

"Labda. Lakini nitakuwa nimekushika mkono."

Bi Wilhelmina akalipokea kopo. Kisha akalitoa jino, akalifuta kwa pindo la kanga yake, akalipima kwenye kiganja. Lilikijaza.

"Na huyu," akauliza taratibu, "alikuwa anakula nini?"

"Nyangumi, mama," akajibu Akeyo, na hapo ndipo machozi yakamtoka.