Adelgunda na Chumvi ya Ng'ombe

Asubuhi huko Isingiro, wilayani Kyerwa, ukungu hukawia kuondoka juu ya migomba. Saa hiyo ndiyo Bi Adelgunda aliyoipenda kuliko zote. Alikuwa akitoka na beseni la chumvi aliyoichota guniani, akaimwaga kwenye kihori, na ng'ombe wa mwanawe Rwegoshora, wale wenye pembe ndefu, wakamjia mmoja mmoja wakimpumulia mikononi. Aliwajua wote kwa majina na kwa tabia zao. Wakishatosheka kulamba, alirudi kwenye gunia lile lile, akachota kiganja kimoja, akaingia nacho jikoni kuunga maharage.

Ndiyo, ndugu zangu, gunia lile lile. Ilikuwa chumvi ya mawe, yenye weusi weusi, inayouzwa gulioni Nkwenda kwa ajili ya mifugo. Watu wa nyumba ile walikuwa wamekula hivyo tangu enzi za mababu, wala Adelgunda hakuona kasoro yoyote. Shingoni alikuwa na rovu, uvimbe mkubwa kama ngumi. Mama yake alikuwa nalo, na shangazi zake pia. Tangu usichana wake alisikia wakisema kwamba shingo iliyojaa ni ya mwanamke aliyelelewa kwa maziwa, naye akaamini.

Kilichomnyima raha ni habari za mkamwana wake, Katusiime, mke wa Rwegoshora. Mimba zake za mwanzo ziliharibika. Alipokuja kujaliwa kuzaa, alizaa msichana, wakamwita Jenifa. Mtoto alikuwa mzito, ulimi umechungulia kidogo mdomoni, na karibu hakulia kabisa. Alinyonya akalala, ukimwamsha, alinyonya tena akalala. Adelgunda alimpakata barazani akiwaambia wageni, "Huyu ni mpole kama marehemu babu yake. Hasumbui mtu."

Oneni jinsi mapenzi yanavyoweza kutufumba macho. Upole ule ulikuwa ugonjwa.

Watoto wa rika lake walipoanza kukimbizana uani, Jenifa alikuwa ndiyo kwanza anajikokota kwa makalio. Sufuria ikianguka nyuma yake, hakugeuka. Hakutamka mama wala baba. Hapo Adelgunda akaanza kumtafuta wa kumlaumu, na macho yake yakamwangukia Kyarimpa, jirani wa upande wa pili wa shamba, aliyekuwa wa kwanza kuja kumpokea mtoto baada ya kuzaliwa.

"Yule mwanamke ana jicho baya, alimtazama mtoto kupita kiasi," alimwambia mwanawe.

Rwegoshora hakukubali wala hakukataa. Alinyamaza, na ukimya wa mwenye nyumba mara nyingi huwa ni ruhusa. Adelgunda akakata miiba, akaziba njia ya mguu iliyounganisha nyumba zao. Kyarimpa akawa anazunguka mbali kwenda kuchota maji. Habari zikaenea, na majirani wengine nao wakaanza kuwaita watoto wao ndani kila wanapomwona anapita.

Lakini Kyarimpa ndiye aliyekuwa na jambo la kuokoa nyumba ile. Kabla njia haijazibwa, alikuwa amemwambia Katusiime yale aliyofundishwa kliniki alipokuwa mjamzito. Katusiime akayashika moyoni, na siku moja akarudi kutoka Nkwenda na pakiti ya chumvi.

"Hii nini?" Adelgunda aliuliza, ameishika kwa ncha za vidole.

"Chumvi, mama. Kliniki wanasema tule hii yenye madini joto. Kyarimpa naye aliwahi kuniambia..."

"Kyarimpa." Bibi alilitamka jina kana kwamba anatema kitu. "Chumvi inatiwa dawa kiwandani kwa sababu gani? Wanataka kuwafunga vizazi. Wewe mimba zako hazikai, halafu unajiongezea dawa."

"Samahani, mama."

"Nyumba hii ina chumvi."

Pakiti ikamwagwa kwenye kihori, ng'ombe wakailamba yote. Katusiime, ambaye kwao alilelewa asibishane na mama mkwe, alichukua jembe akaenda shambani. Alilia huko, kati ya migomba, mahali ambapo hakuna wa kumwona.

Miezi ikapita, akapata mimba tena. Safari hii shingo yake nayo ikaanza kujaa. Alihisi baridi hata jua likiwaka, sauti yake ikawa nzito, na kazi aliyokuwa akiimaliza asubuhi ikawa inamshinda kutwa. Adelgunda alimwona mvivu. Alimsema, akamsema tena, hadi siku ile Katusiime alipoanguka shambani akiwa amebeba mkungu wa ndizi, akalala pale bila kujibu anapoitwa.

Rwegoshora alikuwa mbali malishoni. Adelgunda alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Aliyetokea wa kwanza alitokea katikati ya miiba, gauni limechanika, miguu inatoka damu. Alikuwa Kyarimpa.

Bibi aliitazama miguu ile.

"Mama, kesho utanichukia tena," Kyarimpa alisema, tayari ameinama. "Sasa hivi mshike miguu."

Wakambeba hadi barabarani. Eliud, mume wa Kyarimpa, aliwasha pikipiki akaenda kutafuta gari, na kabla jua halijatua mgonjwa alikuwa amefikishwa hospitali ya Nyakahanga. Adelgunda alikuwa kando ya kitanda, Jenifa mgongoni.

Daktari aliyewapokea aliitwa Cassian. Alimpima Katusiime kwa utulivu, akamtundikia maji, akahakikisha kwamba mimba changa ile bado iko salama. Kisha akamtazama mtoto aliyebebwa, halafu akaitazama shingo ya bibi.

"Bibi, nyumbani mnatumia chumvi gani?"

"Nimekuletea mgonjwa, wewe unaniuliza habari za mboga?"

"Nakuuliza kwa sababu naona shida moja kwa watu watatu."

Adelgunda akamwambia ukweli, kwamba ni ile ya ng'ombe. Cassian hakucheka wala hakumkaripia. Alivuta kigoda, akaketi.

"Mwili unahitaji madini joto, tena kidogo tu," alisema. "Ukiyakosa, tezi ya shingoni huvimba ikihangaika. Udongo wa vilima vyetu umeoshwa na mvua miaka na miaka, kwa hiyo ndizi na maharage yetu hayatupi madini hayo ya kutosha. Ndiyo maana yanawekwa kwenye chumvi. Mama mjamzito akiyakosa, mimba inaweza kutoka. Ikikaa, ubongo wa mtoto haukui inavyopaswa, na masikio yake yanaweza kukosa kusikia."

Bibi aligusa rovu lake.

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyemtazama vibaya," alisema mwishowe.

"Hakuna, bibi."

"Na huyu wa mgongoni. Nikianza leo kumpa hiyo chumvi, atasikia?"

Cassian alimtazama mtoto. "Tutampa vidonge. Atapata nguvu, atatembea, atajifunza mengi ya nyumbani. Kusikia, hapana. Kilichopotea tumboni hakirudi. Lakini huyu ambaye hajazaliwa bado ni mchanga. Huyo tutamuwahi."

Adelgunda alimshusha Jenifa akampakata. Machozi yakamtoka bila sauti. Mtoto alidhani ni mchezo, akayapaka kwa kiganja mashavuni mwa bibi yake, akatabasamu.

Waliporudi Isingiro, kazi ya kwanza aliyoifanya bibi ilikuwa kushika panga na kuondoa ile miiba. Rwegoshora alitaka kumsaidia, akamkataza. Alipomaliza, akapita njia ile hadi kwa Kyarimpa, aliyekuwa ameketi mkekani akichambua kahawa.

"Nilikukosea kwa miiba na kwa mdomo," alisema. "Miiba nimeitoa. Mdomo umekuja kuomba."

Kyarimpa aliendelea kuchambua. "Watoto wangu walifukuzwa kwenye michezo ya wenzao, mama."

"Najua."

"Sijui kama nitasahau."

"Usisahau. Nisaidie tu kuwaambia wengine, maana peke yangu wataniona nimechanganyikiwa."

Kyarimpa akasogea kidogo, akampa nafasi mkekani. Kuanzia hapo wanawake hao wawili wakawa wanaonekana pamoja, kisimani na nje ya kanisa baada ya ibada, yule mwenye rovu akionyesha shingo yake mwenyewe kwa wasichana waliokaribia kuolewa.

Jikoni sasa kulikuwa na chumvi ya pakiti. Katusiime alijifungua mtoto wa kiume, Muhwezi, aliyelia kwa nguvu hadi wauguzi wakacheka. "Mwacheni alie," Adelgunda aliwaambia. Leo Muhwezi anasema maneno mengi kuliko umri wake. Jenifa anatembea, anawafungulia ndama, na ana ishara zake ambazo bibi yake huzielewa kuliko mtu yeyote. Lakini shule zinapofunguliwa na wenzake wakipita barabarani na sare, yeye husimama kwenye ua akiwatazama mpaka wapotee. Adelgunda huacha kazi anayoifanya, akaenda kusimama naye.

Mafunzo

Ndugu zangu wa Kyerwa na Karagwe, na popote penye vilima kama vyetu, Adelgunda hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mjukuu wake, na kwa mapenzi hayo hayo alimnyima kitu alichokihitaji, kwa sababu hakujua na hakutaka kuambiwa. Chumvi ya mifugo tuwaachie mifugo. Ya kuliwa na watu iwe na alama ya madini joto, ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko mbali na moto na jua, na itiwe kwenye chakula kikikaribia kuiva. Mama akihisi tu kuwa ni mjamzito, aende kliniki mapema, na mumewe asikae kimya pale mkewe anapozuiwa, maana mtoto ni wa wote wawili. Mtoto akichelewa kukaa, kusikia au kusema, apelekwe kupimwa bila kungoja. Na tuache kuwatafuta wachawi kati ya majirani. Kama kuna mtu kijijini kwako anayezunguka njia ndefu kwa sababu ya lawama kama zile, mwendee leo.