Tumbo la Kadinali

TANGAZO. Wanafunzi, walimu, wazazi na wapita njia wote wanajulishwa kwamba, kuanzia Jumatatu tarehe 4 Juni 2001, samaki wa bwawa la shule watalishwa saa nne kamili asubuhi, wala si saa nne na robo. Kila darasa litaleta sahani yake. Atakayekiuka atajieleza mbele ya kamati.

Tangazo hilo, lenye saini ya Directeur Ézéchias, mkuu wa shule, na mihuri miwili, lilibandikwa kwenye mlango wa shule moja ya msingi ya Kiprotestanti mjini Butembo, mashariki mwa Kongo. Mwaka huo barabara ya Kasindi, iendayo mpaka wa Uganda, ilifungwa na kufunguliwa kwa amri ya watu wenye bunduki, na kuhusu jambo hilo hakuna aliyebandika tangazo.

Gracieuse, msichana wa miaka kumi na miwili wa darasa la sita, alilisoma mara moja, kisha akaenda bwawani kama kila asubuhi. Yeye ndiye aliyechaguliwa kulitunza. Aliondoa majani yaliyoanguka, akachota povu kwa kikombe, halafu akachuchumaa kimya na kungoja.

Bwawa lilikuwa na samaki saba wa mapambo waitwao koi, ambao asili yao ni Japani. Daktari mmoja wa misheni aliwaleta wakiwa wadogo ndani ya pipa, miaka mingi kabla ya vita. Vita vilipokuja daktari aliondoka, samaki hawakuulizwa. Mkubwa wao alikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, mweupe kama maziwa, na juu ya kichwa alikuwa na doa jekundu la mviringo. Kwa ajili ya kofia hiyo, kama ya makadinali wa Kikatoliki, wanafunzi walimwita Kadinali. Directeur, aliyekuwa mzee wa kanisa, alipendelea jina la Samaki Namba Moja. Samaki hakuitikia hata moja kati ya majina hayo.

Lakini alipopanda kutoka gizani mwa maji, wakati ukungu wa Butembo haujainuka, hata watoto wakorofi walinyamaza. Kwanza ulionekana wekundu, kisha weupe, kisha mwili mzima ukageuka polepole, bila haraka, kama kitu kisichokuwa na habari za vita. Gracieuse alimwona kila siku kwa miaka miwili, na kila siku alishikwa na mshangao uleule.

Zamani chakula cha samaki hao, tembe ndogo za kahawia, kilitoka Kampala kwa lori. Barabara ilipofungwa na magunia kwisha, shule iliamua kuwalisha yenyewe. Katika nchi ile huwezi kula huku mgeni akikutazama, na Kadinali alimtazama kila mtu akiwa amefungua kinywa. Basi kila siku zilikuja sahani sita: bugali, yaani ugali wa huko, mandazi, viazi, maharagwe, na siku za furaha, mkate.

Baada ya wiki mbili tumbo la Kadinali lilivimba.

"Gracieuse, angalia Kadinali yako!" alipiga kelele Kitsa, mwanafunzi mwenzake ambaye hakujua kusema jambo kwa sauti ndogo. "Tumbo kama ya mama mwenye mimba!"

"Nyamaza, Kitsa. Iko na njaa."

"Njaa na tumbo ile?"

"Hiyo njo njaa yenyewe. Hauone batoto ba kituo?"

Wote wawili walikuwa wamewaona. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kituo cha lishe, ambapo Gracieuse alisaidia kukoroga uji baada ya masomo. Huko walifika watoto wa wakimbizi, miguu membamba, matumbo yamevimba, na muuguzi, Mama Mariette, aliwaeleza wasaidizi wake kwamba uvimbe ule ni njaa. Gracieuse aliona kwa macho yake unga wa soya na vidonge vya vitamini vikiyashusha matumbo hayo. Hoja yake ilikuwa nzuri kabisa. Kasoro yake ilikuwa moja tu: iliwahusu watoto.

Jioni hiyo alichukua kituoni kopo moja la unga na vidonge vyote vya chupa iliyokuwa imefunguliwa. Neno "kuazima" lilimjia akilini, likakaa kidogo, kisha likaondoka lenyewe. Alitwanga vidonge, akavichanganya na unga, akamwaga vyote bwawani. Maji yakageuka manjano.

Asubuhi Kadinali alikuwa amelala ubavu. Kinywa chake kilifunguka na kufungika juu ya maji, taratibu, na jicho lake moja lilitazama mawingu.

Mchana, kituoni, uji ulikuwa mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria. Mtoto mmoja aliyeitwa Vagheni, wa miaka minne, aliyebebwa mgongoni kutoka kijiji cha Alimbongo, alimaliza kikombe chake, akakiinamisha, akachungulia ndani.

"Mama, imeisha?"

"Leo ni vile, mwanangu," alijibu Mama Mariette.

Gracieuse aliweka mwiko chini. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyekuwa amemuuliza. Lakini kile kikombe kilichoinamishwa hakikumwacha.

"Mama Mariette, ni miye. Unga nilichukua miye. Na vidonge. Nilipatia Kadinali."

Muuguzi alimgeukia. "Unga ya hawa batoto umepatia samaki?"

"Tumbo yake ilivimba, mama. Mulisema tumbo ya kuvimba ni njaa."

"Nilisema juu ya batoto. Juu ya samaki nilisema lini?" Mama Mariette alifuta mikono yake kwenye kitambaa. "Sasa tuko na wagonjwa ba aina mbili, na unga ya kutosha hata mumoja, hapana. Lakini umesema mwenyewe. Twende."

Alimtuma mtu amwite Mzee Ananie, ambaye alifuga samaki huko Mutwanga mpaka vita vikamfukuza kutoka kwenye mabwawa yake. Mzee alifika bwawani, akavua kofia, akapiga magoti, akanusa maji.

"Nani anamulisha?"

"Shule yote, muzee," alisema Gracieuse.

"Shule yote! Na nini?"

"Bugali, mandazi, viazi, maharagi."

"Juu ya nini mingi vile?"

"Kila asubuhi anafungua kinywa juu ya maji. Anaomba."

"Anaomba hewa, mwanangu," alisema Mzee Ananie. "Nyinyi munamupatia bugali."

Mzee alieleza kwamba chakula kisicholiwa huoza chini na kuyamalizia maji hewa yake; kwamba asubuhi za baridi tumbo la samaki hufanya kazi polepole sana; na kwamba vitamini zikimwagwa ovyo, hunywewa na maji, si na samaki. Alimhamishia Kadinali kwenye beseni kubwa la maji safi. Katika kumhamisha, gamba moja lililegea, likabaki kwenye kiganja chake, jembamba kama ukucha wa mtoto. Aliomba lenzi ya kituo, akampa Gracieuse.

"Angalia."

Gracieuse aliangalia. Ndani ya gamba kulikuwa na pete, moja ndani ya nyingine, nyembamba kuliko unywele, nyingi kiasi kwamba macho yake yalichoka kabla hajafika mwisho.

"Wakati wa kula vizuri, pete zinaachana," alisema mzee. "Wakati wa shida, zinabanana. Hapa kwetu hakuna baridi ya kweli ya kutenganisha mwaka na mwaka, basi miaka yake siwezi kuapa. Lakini anakupita wewe, na pengine anapita mwalimu yako."

Ukingoni mwa gamba pete zilibanana mpaka zikawa kama mstari mmoja mweusi. Gracieuse hakuhitaji kuambiwa ni miaka gani. Alidhani vita havimhusu samaki, kumbe vilikuwa vimeandikwa mwilini mwake, mahali ambapo hakuna aliyewahi kusoma. Alirudisha lenzi kwa mikono miwili.

Kwa siku saba Kadinali hakupewa chochote. Kitsa alisema kwamba sasa ni kadinali wa kweli, maana anafunga. Wanafunzi walisafisha tope, wakabadilisha theluthi ya maji kila siku, ndoo kwa ndoo. Siku ya nane Mzee Ananie alimrudisha Kadinali bwawani, akaleta njegere za Lubero zilizochemshwa na kumenywa. Baadaye zilifuata minyoo ya bustanini, kabichi iliyokatwa, vipande vya chungwa kwa ajili ya vitamini, papai kidogo ili wekundu usififie, na dagaa waliotwangwa: vyote kidogo kidogo, jua likiwa limepanda, kiasi cha kumalizwa kabla mtu hajahesabu mia tatu.

Siku ya kumi na moja, katikati ya njegere, ulionekana wekundu, kisha weupe. Kadinali alipanda, akageuka polepole, akashuka. Watoto waliacha kuhesabu.

Sahani sita hazikurudi bwawani. Gracieuse aliomba mbele ya madarasa yote zipelekwe kituoni, akaeleza sababu bila kuipamba. Yeye mwenyewe alibeba kuni za uji mpaka mwisho wa mwaka wa shule, na Vagheni akaacha kuinamisha kikombe.

"Ulikuwa na huruma," Mama Mariette alimwambia siku ya mwisho, Vagheni akiwa kando yake, "lakini huruma yenye haiulizi inaweza kuua, na huruma ya kuiba inanyima mwingine. Uliza kwanza. Ukikosea, sema. Kama ungenyamaza, Kadinali angekufa, na huyu mutoto angelala njaa, na miye singejua."

Directeur Ézéchias, aliyeguswa na mambo hayo, aliandika barua kwa bureau, yaani ofisi ya utawala mjini, kurasa nne. Jibu lilifika mwezi wa nane, nalo lilibandikwa mlangoni:

UAMUZI. Baada ya kuchunguza barua ya shule kuhusu kufunguliwa kwa barabara ya Kasindi, unga wa watoto wa kituo, na chakula cha samaki, bureau imeamua kwamba samaki watalishwa saa nne na robo, wala si saa nne kamili.